Je, Wajua? Dozi Ikishafika Nyumbani

Je, wajua kuwa dawa mseto ya malaria, ALu, hupenda mafuta? Kila kidonge kina dawa mbili, na moja yake, lumefantrini, huingia mwilini vizuri zaidi ikikuta chakula chenye mafuta. Kikombe cha maziwa kinatosha. Huko Dakawa, mashamba ya mpunga ya bonde la Wami yako jirani na ng'ombe wa Wamasai: mbu wapo, na maziwa yapo.

Je, wajua kuwa maziwa hayohayo huzuia dawa nyingine, doksisaiklini, isifyonzwe vizuri? Madini ya kalsiamu huishika dawa tumboni. Basi pale dirisha la dawa usiulize "vingapi?" tu. Uliza pia "nimeze na nini?"

Dozi ya ALu ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne vinne, mara sita, kwa siku tatu. Awamu ya pili humezwa saa nane baada ya ya kwanza. Ukianza saa 4 asubuhi, ya pili ni saa 12 jioni, kisha asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata. Kinachoniuma ni siku ya pili. Homa imeshuka, mgonjwa ameshika jembe, na vidonge vilivyobaki vinafungwa kwenye karatasi, "akiba ya mtoto". Akiba hiyo haimtoshi yeyote, na malaria ya mkubwa haijaisha.

Je, wajua kuwa "1x3" kwenye bahasha ya dawa si asubuhi, mchana na jioni kabla jua halijazama? Ni kila baada ya saa nane: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku.

Kijiko kimoja cha dawa ya maji ni mililita 5. Panga vijiko vya chai vya jikoni kwako uone kama vinalingana. Tumia kipimo kilichokuja na chupa, na utikise kwanza, maana dawa nyingine hutuama chini: mtoto akapata maji leo, na dawa kali keshokutwa.

Zinki ya mtoto anayeharisha huendelea siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. ORS iliyokorogwa kwenye lita moja ya maji safi, ikipita saa 24, mwaga.

Parasetamoli ya miligramu 500: mtu mzima asizidishe vidonge 8 kwa saa 24. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli, kwa hiyo zihesabu. Ikizidi, huunguza ini.

Bahasha iliyochomekwa kwenye boriti chini ya bati, saa 8 mchana, inaokwa. Vidonge vingi vinataka joto lisilozidi nyuzi 30. Ishushe, iweke chumba chenye kivuli, juu ya kimo cha mtoto.

EXP 08/2027 maana yake dawa inafaa hadi siku ya mwisho ya Agosti, si mwanzo wake.

Na je, wajua kuwa presha ya anayemeza dawa ikisoma vizuri kwenye mashine, mara nyingi ni kwa sababu dawa inafanya kazi? Ukiiacha, hupanda tena kimyakimya, bila hata kichwa kuuma. Wengine hugundua pale mkono mmoja unapokataa kunyanyua kikombe.