Kifuniko cha Dumu

Katika nchi ya Ankole, kusini-magharibi mwa Uganda, kiangazi kikali huingia mwezi wa Juni na kuendelea mpaka Agosti. Majani hukauka, migomba hulegea, na vumbi jekundu la barabarani huingia kila mahali: machoni, chunguni, na katika nguo zilizoanikwa muda mfupi uliopita. Anayeujua vizuri urefu wa siku ya kiangazi ni mama mwenye watoto wadogo.

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, siku hiyo huanza kabla ya mapambazuko. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1958, na leo wanaishi humo Wakongo, Wanyarwanda, Warundi, Wasomali na wengineo. Mengi ya maji yao huvutwa kutoka Ziwa Nakivale, yakasafishwa na kutiwa dawa, kisha yakapelekwa kwenye mabomba ya jumuiya. Hapo madumu, ambayo Uganda huitwa jerikeni, hupangwa mstari mrefu kila moja likimshikia mwenyewe zamu. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Kipimo kinachokusudiwa kwa wakimbizi ni lita 20 kwa kila mtu kwa siku. Kwa hiyo nyumba ya watu watano yahitaji madumu matano.

Mfano ni mama mwenye watoto watatu: mkubwa ana miaka saba, wa pili minne, na wa mwisho bado ananyonya. Amerudi kutoka bombani, dumu kichwani na mtoto mgongoni. Anamweka mchanga chini; mara anajaza mchanga kinywani. Mbuzi wa jirani anavuta kanga kwenye kamba. Mkubwa anagombana na mdogo wake kwa sababu ya gari walilotengeneza kwa mikono yao. Gari hilo lina magurudumu manne ya kupendeza, na moja ni kifuniko cha dumu. Kabla mama hajageuka, dumu lisilo na kifuniko limepigwa teke, na maji ya asubuhi nzima yanakunywewa na ardhi.

Mkono wa mama unainuka wenyewe. Wahenga walisema kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Ni kweli, lakini kofi nalo halizoleki. Mtoto wa miaka minne hajui bei ya maji. Alilolijua ni kwamba gari lake lilipungukiwa gurudumu. Linalomkasirisha mama si mtoto peke yake. Ni foleni, ni jua, ni mzigo, na ni kupambazukiwa bila usingizi.

Hata hivyo, kifuniko si jambo la kupuuzwa. Maji yaliyotoka bombani yakiwa safi huweza kuchafuka nyumbani, kwa vumbi, kwa nzi, na kwa mikono midogo inayochovya kikombe. Hapo ndipo kuhara huanzia, na kuhara humkausha mtoto mchanga upesi. Likitokea, mama aendelee kumnyonyesha na kumpa dawa ya unga ya kuongezea maji mwilini. Ikikosekana, achanganye lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Mtoto akishindwa kunywa, macho yakizama, au choo kikiwa na damu, apelekwe kituo cha afya bila kungoja.

Mama wa mjini Mbarara, umbali wa kilometa 60 hivi, asidhani kuwa habari hii haimhusu. Yeye ana bomba uani, naye hukasirishwa na mwanawe aliyeliacha wazi au aliyeogesha mwanasesere kwa ndoo ya kupikia. Mji wake hutegemea Mto Rwizi, ambao hupungua wakati wa kiangazi. Na mto huo huelekea mashariki, kwenye bonde la maziwa ambamo Ziwa Nakivale limo. Wanawake hao wawili hawajuani, lakini kero yao ni moja.

Basi yafaa kuizuia kero kabla haijafika. Kifuniko kifungwe kwa uzi kwenye mkono wa dumu, ili kisigeuke gurudumu. Madumu yaliyojaa yawekwe pembeni mwa nyumba, si mlangoni. Watoto watafutiwe vifuniko vya chupa na makopo matupu wajiundie magari yao. Mwenye miaka minne apewe kidumu chake kidogo cha lita moja au mbili; atakapokibeba mwenyewe kutoka bombani, atajifunza uzito wa maji kuliko kwa fimbo. Na baba naye asikae kivulini: foleni ya alfajiri haina maandishi kwamba ni ya wanawake tu.

Jioni vumbi hutulia, na watoto waliochosha nyumba nzima hulala wamekumbatiana, gari lao kando. Mama akikiosha kile kifuniko na kukirudisha mahali pake, amelinda maji ya kesho. Akiwa hakumpiga mtu siku hiyo, amelinda na kitu kingine ambacho hakuna bomba linaloweza kukijaza tena.