Piko, Hina na Ngozi Isiyosahau

Wiki ya harusi ya dada yangu, binamu yangu alichorwa maua ya piko kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko. Yakapendeza kweli. Siku ya tatu akaamka mkono unawasha kama umepakwa upupu. Kufika jioni, malengelenge yalikuwa yamejipanga juu ya mistari ya maua yale yale, petali kwa petali. Pembeni ya mistari, ngozi nzima.

Shangazi akasema ni kijicho cha watu wa harusini. Mwenyewe akasingizia sabuni mpya. "Piko haiwezi kuwa," akasisitiza. "Mbona Idi nilichorwa na sikupata kitu?"

Basi hapo ndipo penye sayansi. Ile Idi ambayo "hakupata kitu" inaelekea ndiyo siku tatizo lilipoanza.

Piko na hina si kitu kimoja

Hina ni majani ya mhina yaliyosagwa. Rangi yake inatokana na molekuli iitwayo lawsoni, inayoanza na uchungwa kisha kukolea kidogo kidogo hadi wekundu wa kahawia. Inahitaji saa kadhaa ili ishike. Hina peke yake haitoi rangi nyeusi tii. Ukiona weusi wa wino ndani ya muda mfupi, ujue kimeongezwa kitu, na mara nyingi kitu hicho ni parafenilenidiamini, kwa kifupi PPD. Ni kemikali ile ile ya rangi nyeusi za nywele.

Umoja wa Ulaya unaruhusu PPD kwenye rangi ya nywele isizidi asilimia 2 inapopakwa kichwani, na hauiruhusu kabisa kwa kuchora kwenye ngozi. Sasa mtu anayekoroga unga kwenye kibakuli atapima asilimia kwa kutumia nini? Anaangalia weusi tu. Ukipungua, anaongeza.

Mara ya kwanza: ngozi inajifunza

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokufa, zimepangwa kama matofali, na katikati yake kuna mafuta. Molekuli kubwa hazipiti hapo. Watafiti hutumia uzito wa dalton 500 kama mpaka wa makadirio, na PPD ina dalton 108 tu. Inapenya bila shida.

Lakini udogo peke yake si kosa. Lawsoni nayo ni ndogo, dalton 174, na mara chache sana huleta mzio. Tofauti ni kwamba PPD ikikutana na hewa hubadilika na kuwa kemikali inayong'ang'ania protini. Ikishanata kwenye protini za ngozi yako, protini hizo hazifanani tena na zako. Kinga ya mwili inaona mgeni.

Wa kwanza kugundua ni seli za Langerhans, walinzi wenye mikono mirefu waliotandazwa kwenye ngozi yote. Paul Langerhans alizieleza mwaka 1868 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Berlin, akadhani ni seli za neva kwa sababu ya ile mikono. Leo tunajua kazi yake: hukamata kipande cha kitu kigeni, huondoka kwenye ngozi, na kukipeleka kwenye tezi za limfu, zile ambazo zikivimba tunasema mtu ana mitoki. Huko wanakionyesha kwa seli T. Zile chache zinazokitambua huzaliana kwa wingi, na baadhi hubaki kama kumbukumbu.

Kazi hii huchukua kama siku 10 hadi 14. Kufikia hapo mchoro umeshafifia na wewe umeshasahau. Hukuwashwa, hukuvimba. Ila ukiwa umechorwa kwa PPD kali sana, mzio unaweza kuibuka juu ya mchoro huo huo wa kwanza baada ya wiki moja au mbili.

Mara ya pili: jeshi liko tayari

Ukichorwa tena, hakuna haja ya mafunzo. Seli T zenye kumbukumbu zinakimbilia ngozini, nyingine zilishaweka makazi huko huko. Ndani ya siku moja hadi tatu zinamwaga sitokini, yaani kemikali za kuitana. Mishipa midogo ya damu inavuja, seli za ngozi zinashambuliwa na kuachiana, maji yanajaa katikati. Hayo ndiyo malengelenge. Na kwa kuwa seli T zinafuata PPD ilipo, kidonda kinachora ua upya.

Hii ni tofauti na aleji ya karanga au ya kuumwa na nyuki. Ile huja kwa dakika, kwa sababu ya histamini. Ndiyo maana vidonge vya aleji alivyonunua binamu duka la dawa havikumsaidia kitu. Pia ndiyo maana mpambaji kukupaka kidogo na kusubiri nusu saa si kipimo. Seli T hazina haraka hiyo. Kipimo cha kweli hufanywa na daktari wa ngozi: anabandika dawa mgongoni kwa saa 48, kisha anasoma majibu kwa siku kadhaa.

Kitu kingine: vitabu vingi vinasema ngozi "inakuwa nyekundu". Kwa ngozi zetu nyeusi, mara nyingi utaona kukolea, zambarau au kijivu. Usingoje wekundu. Na baada ya kupona, alama nyeusi au nyeupe inaweza kukaa miezi.

Ufanye nini?

Ukiwashwa, osha, usiyatumbue malengelenge, nenda kituo cha afya; kwa kawaida hutibiwa kwa krimu ya steroidi. Uso ukivimba au pumzi ikibana, ni hospitali, saa hiyo hiyo.

Habari ngumu ni kwamba kumbukumbu hii kwa kawaida hubaki maisha yote. Binamu amepona, lakini daktari amemwambia rangi nyeusi ya nywele asiiguse tena, maana ina PPD ile ile, na kichwani mashambulizi yanaweza kuvimbisha uso mzima. Ana miaka 24.

Kwa hiyo kabla ya kunyoosha mkono, hasa wa mtoto, muulize mpambaji kuna nini ndani ya kibakuli. Akikujibu "ni hina nyeusi tu", mwombe ile nyekundu.