Sulhu Ina Fiqhi Yake: Funzo Kutoka Usambara

Ndugu Muislamu, vyuo vikuu leo vinatoa shahada za uzamili katika majadiliano ya kimataifa na utatuzi wa migogoro. Je, imamu wa kijijini Lushoto anahusika na elimu hiyo? Anahusika, kwani ugomvi wa mpaka wa shamba au wa mirathi mara nyingi humfikia yeye kabla ya kufika kwa hakimu.

Historia ya Usambara inaonya. Alipofariki Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, mjukuu wake Shekulwavu alirithi kiti cha Vuga. Semboja wa Mazinde, mtoto wa Kimweri, akampinga. Suluhu ikakosekana, vita vikadumu miaka mingi, na mateka wakauzwa utumwani.

Wanazuoni wametofautisha mambo matatu. Qadhaa ni hukumu ya kadhi mwenye mamlaka. Tahkim ni wagomvi kumchagua wenyewe mtu wa kuwaamua. Na Suratun-Nisaa, aya ya 35, imeagiza mume na mke wanaozozana wapelekewe waamuzi wawili, mmoja kutoka kila upande. Sulhu ni mapatano ya wagomvi wenyewe, na Mtume (S.A.W.) ameijuzisha ila ile inayohalalisha haramu au kuharamisha halali.

Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, sulhu husihi pale mdaiwa anapokiri haki ya mdai. Akiwa anakana, sulhu hiyo ni batili, ingawa Maimamu Abu Hanifa, Malik na Ahmad wameikubali. Kwa hiyo imamu asikimbilie kusema "peaneni mikono". Kwanza aukague mpaka, awasikilize mashahidi, haki ibainike. Kisha mwenye haki akipenda kusamehe sehemu, ni hiari yake.

Vilevile binti akiambiwa aache fungu lake la shamba "ili ukoo upatane", hiyo si sulhu bali ni dhulma. Msamaha wake unasihi tu akiwa amebaleghe, ana akili timamu, analijua fungu lake, na hakushurutishwa.

Sheria ya nchi nayo inathamini usuluhishi. Sheria Na. 2 ya mwaka 2002 iliweka baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba, watatu wao wanawake, kazi yake ikiwa kupatanisha. Hata katika mambo makubwa, ridhaa ndiyo msingi: Dkt. Salim Ahmed Salim aliongoza usuluhishi wa Umoja wa Afrika kuhusu Darfur, lakini mkataba wa Abuja wa Mei 2006 ulikataliwa na baadhi ya makundi, na mapigano yakaendelea.

Basi vijana wetu waisome elimu hii, iwe katika Chuo cha Uongozi wa Mahakama hapo Lushoto au katika vyuo vya diplomasia, huku wakiishika fiqhi yao. Anayepatanisha bila elimu huenda akaufunika moto kwa majani makavu.

Wallahu a'lam.