WAZIMA MOTO WAJULIKANE WALIPO

Tarehe 30 Juni, 2013, karibu na Yarnell katika jimbo la Arizona, Marekani, walikufa wafanyakazi 19 wa kikosi kimoja cha kuzima moto wa porini. Kikosi kilikuwa cha watu 20. Aliyesalia ni yule aliyewekwa mbali na wenzake awe mlinzi. Moto ule ulikuwa umewashwa na radi siku mbili kabla. Alasiri hiyo dhoruba iliyokuwa ikikaribia iligeuza upepo, na moto ukawageukia wale jamaa bondeni, wasipate pa kutokea.

Jambo tutakalo wasomaji wetu walizingatie ni hili. Saa ile ile angani ilikuwako ndege kubwa iliyojaa dawa ya kuzimia moto. Ilikuwa tayari kuimwaga, lakini hakuna aliyeweza kuiambia wenzetu wako wapi. Moshi uliwafunika, na kwa muda wa nusu saa kabla ya hapo hapakupatikana habari za hakika za mwendo wao. Ndege ilikuwapo, dawa ilikuwapo. Kilichokosekana ni kujua mahali.

Sisi si miongoni mwa wanaodharau mitambo. Satelaiti zinazotumiwa sana kuonyesha moto duniani hupita juu ya nchi mara chache kwa siku, na zile zenye chombo cha kuhisi joto kilicho bora huigawa ardhi katika vipande vya mita 375. Hiyo yamtosha mkubwa aliye ofisini apate kujua kuwa pori laungua. Haimtoshi mtu aliye bondeni. Hapo ndipo inapofaa roboti ya angani, yaani ndege ndogo isiyo na rubani. Huruka hata usiku, na kamera yake huliona joto kupitia moshi ambao macho hayaupenyi, na mpaka wa moto hupelekwa kwa wakuu wa vikosi papo hapo. (Lakini isirushwe na watazamaji! Januari 2025 huko Los Angeles ndege ya namna hiyo, iliyorushwa na mtu asiyehusika, iliigonga ndege ya kumwaga maji, ikatolewa kazini.)

Hata hivyo, ramani ya moto peke yake ni nusu ya ramani. Nusu ya pili ni ya watu. Machi 2019 Marekani ilipitisha sheria kuziagiza idara zake zitayarishe utaratibu wa kuonyesha vikosi vilipo na moto ulipo kwa wakati mmoja. Karibu miaka 6 ilikuwa imepita tangu Yarnell. Twasema ni mingi mno, maana mwaka 2013 wenye malori ya biashara walikuwa wakiyafuatilia barabarani kwa vyombo kama hivyo. Shehena ya sabuni ilijulikana ilipo. Wafanyakazi 19 hawakujulikana.

Nasi tusijione tu mbali. Oktoba 2020 mamia ya watu, wengi wao wa kujitolea, walipanda Kilimanjaro kupambana na moto. Siku fedha za mitambo zitakapopatikana, chombo cha kwanza kununuliwa na kiwe kile kidogo cha kumfunga mtu kiunoni, kitakachosema yuko wapi. Ndege za kupiga picha zifuate.