Kumfundisha Mbwa Mchanga wa Kuwinda

Wahenga walisema, "Udongo uwahi ungali maji." Mfinyanzi hulijua sana neno hili, na mtu aleaye mbwa wa kuwinda yampasa alijue vilevile.

Watu wengi hudhani ya kuwa kumfundisha mbwa kuwinda ni kumfundisha kufukuza na kukamata. Sivyo. Kufukuza amezaliwa nako, kama bata alivyozaliwa na kuogelea. Pua, mbio na ushupavu ni vyake tangu tumboni mwa mama yake. Kazi ya mwanadamu ni kumfundisha neno moja lililo gumu kuliko yote, nalo ni kurudi aitwapo. Mbwa asiyejua kurudi, ajapokuwa na mbio kama upepo, si mbwa wa kuwinda, bali ni mbwa wa kupotea.

Basi nitaeleza kazi hii hatua kwa hatua, kisha nitasimulia habari ya mbwa mmoja niliyemjua.

1. Miezi ya kwanza

Mbwa jike huchukua mimba muda wa siku 63 hivi. Watoto wake huzaliwa vipofu na viziwi. Macho hufunguka baada ya siku 10 hata 14, na masikio huanza kusikia karibu na juma la tatu. Tangu hapo mtoto wa mbwa huanza kujifunza, wala hangoji mwalimu. Akicheza na ndugu yake na kumwuma kwa nguvu mno, yule hulia na kuuacha mchezo. Naye hujua kipimo cha meno yake. Kwa hiyo si vema kumtenga na mama yake kabla ya majuma 8.

Lakini katika siku hizo hizo yapasa azoee watu. Mchukue mikononi kila siku, mguse masikio na miguu, umwache asikie sauti za watoto na vishindo vya mchi na kinu. Katika mwaka 1961 wataalamu wa Bar Harbor, katika Marekani, walitoa habari za jaribio walilofanya. Waliwaweka watoto wa mbwa katika uwanja wenye ua mrefu, wakawapa chakula na maji pasipo kuonana na watu. Baadhi yao walikuwa wa aina iitwayo beagle, ambao kazi yao ya asili ni kuwinda sungura. Wengine walitolewa mapema wakazoezwa watu. Wengine waliachwa mpaka wakatimiza majuma 14. Hao wa mwisho waliwaogopa watu kama wanyama wa mwituni, na ilikuwa kazi ngumu mno kuwafundisha. Mbegu ya urafiki ina majira yake, kama mbegu ya mahindi.

2. Jina na mwito

Mpe mbwa wako jina fupi. Myunani mmoja aitwaye Xenophon, aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kitabu juu ya kuwinda na mbwa, na humo alishauri vivyo hivyo, ili iwe rahisi kuwaita. Jina refu huishia njiani, na mbwa amekwisha kuvuka mto.

Mwite kwanza wakati wa chakula. Taja jina lake mara moja kwa sauti ya furaha, na akija umpe chakula na kumpapasa. Baada ya siku chache mwite wakati usio wa chakula, umpe kipande kidogo cha nyama au ugali. Kisha mfunge kamba ndefu ya hatua 10 umpeleke nje penye mambo mengi ya kumshawishi, kama kuku, watoto wachezao na mbwa wengine. Mwite, asipokuja, mvute polepole mpaka afike kwako, kisha umsifu kama aliyekuja kwa hiari yake. Usimwondolee kamba mpaka aje kila aitwapo, siku baada ya siku.

Tena shika sana sheria hii: usimwite mbwa kamwe ili umpige. Sababu yake utaiona mwishoni.

3. Kuheshimu mifugo

Mbwa aliyeonja damu ya mbuzi wa jirani huleta ugomvi kijijini, na mara nyingi maisha yake hukatika siku ile ile. Mpitishe mbwa mchanga katikati ya mbuzi na kuku kila siku akiwa na kamba. Akiwatazama kwa tamaa, mwite jina. Akikugeukia, mpe kitu. Hivyo atafahamu ya kuwa kuwaacha mbuzi kuna faida kuliko kuwafukuza.

4. Somo la pua

Kila kiumbe apitapo huacha harufu. Chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho huanguka kutoka mwilini mwake, na majani aliyoyakanyaga nayo hutoa harufu yake. Ndani ya pua ya mtu ziko sehemu ndogo za kupokea harufu, hesabu yake mamilioni machache. Katika pua ya mbwa hesabu yake ni mamia ya mamilioni. Ndiyo maana pale tuonapo majani matupu, yeye husoma barua nzima.

Anza kumfundisha asubuhi na mapema, umande ungali juu ya majani, maana jua kali la mchana hukausha harufu na upepo huipeperusha. Chukua ngozi ya sungura uifunge kwa kamba, uiburure juu ya nyasi kwa hatua 20 moja kwa moja, na mbwa asione. Mwisho wa njia hiyo weka ngozi pamoja na kipande cha nyama. Mlete mbwa mwanzo wa njia, mwonyeshe majani kwa mkono, mwache atumie pua. Usimsukume wala usipige kelele. Akifika, msifu sana. Akishindwa, kosa ni lako kwa kuwa umefanya njia ndefu mno. Siku ya pili ifupishe.

Akiweza hayo, fanya hatua 50, kisha 100; tia kona moja, kisha mbili; halafu ingoje njia robo saa kabla ya kumleta, kisha nusu saa. Somo moja kwa siku latosha. Acha angali ana hamu, ili kesho aje kwa furaha.

5. Kabla ya kuingia mwituni

Yako mambo mawili ambayo mwindaji mwenye akili huyatengeneza kwanza. La kwanza ni afya. Kichaa cha mbwa huua watu na wanyama, na dalili zake zikisha kutokea kwa mtu ni nadra sana kupona. Mbwa na achanjwe afikapo miezi 3, kisha arudiwe kama mganga wa mifugo aagizavyo. Mtu akiumwa na mbwa, yampasa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi muda wa robo saa, kisha aende hospitali upesi apate chanjo. Chanjo ya namna hii ilitumika kwa mtu mara ya kwanza mwaka 1885, katika Ufaransa, chini ya uongozi wa Louis Pasteur.

La pili ni sheria. Katika Kenya kuwinda wanyama pori kulipigwa marufuku mwaka 1977. Katika Tanzania, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yataka mwindaji awe na leseni, nayo huweka masharti juu ya njia za kuwinda. Asiye na ruhusa asimpeleke mbwa wake mwituni. Walakini mafunzo haya hayapotei bure, maana mbwa alindaye shamba la mahindi usiku ahitaji pua ile ile na utii ule ule.

6. Siku ya kwanza

Usimfanye haraka. Xenophon alisema mbwa jike aanze kuwinda akiwa na miezi 8, na dume akiwa na miezi 10. Hata hivyo mifupa ya mbwa mchanga haijakomaa, nazo mbio ndefu zaweza kumdhuru. Mwanzo na atembee saa moja, si kutwa nzima.

Mwandamanishe na mbwa mzee mwenye tabia njema, naye atajifunza kwa kumtazama. Lakini jihadhari, maana mbwa mzee mwenye desturi mbaya humrithisha zote. Mwanzo apelekwe kwa wanyama wadogo wasiomdhuru. Nguruwe wa mwitu asimwonyeshe hata kidogo, maana meno ya nguruwe hupasua tumbo kama kisu. Mbwa aumizwaye katika siku zake za kwanza yamkini ataogopa maisha yake yote.

Tena ni vizuri kujua mbwa yuko wapi. Katika misitu ya Kongo wako mbwa wa kuwinda wasiobweka kama mbwa wengine, nao huitwa basenji. Wawindaji huwafunga kengele ya mti shingoni, ili waisikie kichakani, na wanyama washtuke wakimbilie kwenye nyavu. Katika mwaka 1937 mbwa hao walionyeshwa London, na watu wakastaajabu. Mbwa waliolelewa vijijini na watu wasiojua kusoma walikuwa wamefundishwa vizuri tangu zamani.

7. Habari ya Popo

Sasa nasimulia niliyoahidi. Nilipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, mjomba wangu alikuwa na mbwa jike mchanga, jina lake Popo. Kijiji chetu ki chini ya milima ya Usambara, na nguruwe walikuwa wakishuka usiku kula mahindi yetu. Popo alikuwa na pua ambayo wazee waliisifu, na mimi nilimpenda kuliko kitu chochote.

Jioni moja alimwona paa, akamfuata. Mjomba alimwita mpaka sauti ikamkauka. Usiku ulipoingia Popo alirudi, ulimi nje, akitikisa mkia. Mjomba alikuwa amekasirika sana. Akashika fimbo akampiga. Juma lililofuata mambo yakawa yale yale: akakimbia, akarudi, akapigwa. Mjomba alidhani anamwadhibu kwa kukimbia. Lakini mbwa hawezi kuunganisha fimbo ya sasa na kosa la saa mbili zilizopita. Yeye alifahamu neno moja tu: nikirudi kwa bwana wangu, napigwa.

Usiku wa tatu nguruwe dume aliingia shambani. Mbwa wakubwa walimzunguka kwa mbali, wakibweka, kama walivyojua desturi yake. Popo alimkaribia mno. Mjomba akaona hatari, akaita, "Popo! Njoo, Popo!" Nilikuwa nimeshika taa, nikaona kila kitu. Popo aligeuka, akamtazama mjomba, akaiona fimbo mkononi mwake, akasita. Mbele yake alikuwepo nguruwe, na nyuma yake fimbo. Hakuja. Nguruwe akamrukia.

Tulimzika asubuhi chini ya mwembe. Mjomba alisimama kitambo, kisha akaniambia, "Mpwa wangu, nguruwe ametia meno tu. Aliyemwua Popo ni fimbo hii." Akaivunja juu ya goti lake. Baadaye alilea mbwa wengine watatu, na hakuna hata mmoja aliyekataa kurudi alipoitwa, hata angekuwa amechelewa kiasi gani, maana kila arudipo alipokewa kwa mkono mtupu na neno jema.

Nami leo ni mwalimu. Mara nyingi mtoto husimama mlangoni kwa darasa, amechelewa, akiogopa kuingia. Hapo humkumbuka Popo. Namwambia kwanza, "Karibu, umefanya vema kuja." Habari ya kuchelewa twaizungumza baadaye.