Kazi ya Kupumzika

Katika michezo yote inayopima ustahimilivu wa mwanadamu, ni michache inayodai mengi kwa siku moja kama triathloni ya masafa marefu, ambayo mshindani huianza kwa kuogelea kilomita 3.8 katika maji ya wazi, akitoka majini hupanda baiskeli na kuiendesha kilomita 180, mwendo usiopungukiwa sana na safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro, kisha, wakati ambapo mtu mwingine yeyote angetafuta mkeka, yeye huvaa viatu na kukimbia marathoni kamili ya kilomita 42 na ziada. Aghalabu kazi hiyo yote huwekewa mpaka wa saa 17. Na aliyeingia majini kunako mapambazuko, akimaliza baada ya muda huo, hata kama ni kwa dakika moja, jina lake haliandikwi miongoni mwa waliomaliza.

Wako wachache ambao mchezo huu ni kazi yao na riziki yao. Waliobakia, nao ndio wengi mno katika kila shindano, ni wanariadha wa ridhaa: makarani, walimu, mafundi, wauguzi na wafanya biashara, ambao hujilipia kiingilio, hujinunulia baiskeli, na hujiamsha alfajiri pasi na kuamrishwa na mtu. Neno ridhaa, tulilolipokea kutoka Kiarabu, ni kukubali jambo kwa moyo mweupe bila kushurutishwa, na sidhani kama liko neno linalomfaa zaidi mtu huyu. Makala haya ni mintarafu ya majuma yake mawili ya mwisho kabla ya siku yenyewe, majuma ambayo wasiojua hudhani kuwa ndiyo ya kukaza kamba, ilhali kwa hakika ndiyo ya kuilegeza, na mwenye kushindwa kuilegeza huponzwa na bidii yake mwenyewe.

Asili ya mchezo wenyewe ni ubishi. John Collins, afisa wa jeshi la majini la Marekani, na mkewe Judy, walikuwa wakiishi Hawaii katika miaka ya 1970, na miongoni mwa wanamichezo wa huko pakazuka mabishano juu ya nani mwenye siha iliyo kamili zaidi, muogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji. Ili kuukata mzizi wa fitina, masafa ya mashindano matatu yaliyokuwa yakifanyika mbalimbali katika kisiwa cha Oahu yaliunganishwa kuwa kazi ya siku moja. Tarehe 18 Februari 1978 walianza watu 15, wakamaliza 12, na wa kwanza alikuwa Gordon Haller, aliyetumia saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Mpinzani wake John Dunbar alikuwa mbele katika mbio za miguu mpaka wasaidizi wake walipoishiwa maji ya kumnywesha, wakampa bia. Akamaliza wa pili. Hivyo tangu siku ya kwanza ilidhihirika kwamba katika safari ndefu namna hii nguvu peke yake haitoshi, kwani mtu huweza kuangushwa na kitu kidogo kilichosahauliwa jana yake.

Na tumchukue mtu wa mfano, karani katika bandari ya Dar es Salaam, ambaye hatutampa jina kwa kuwa majina yake ni mengi. Kwa muda wa nusu mwaka amekuwa akitoka na baiskeli kabla ya adhana ya alfajiri, ili arudi nyumbani kabla malori na daladala hazijaitwaa barabara; amekuwa akikimbia jioni baada ya kazi; na baharini amekuwa akiingia kwa kufuata kalenda ya mwezi kama mvuvi, maana maji ya bamvua yakipwa humwachia mchanga na mawe, na muogeleaji hubaki akiitazama bahari kwa mbali. Ameandikishwa katika mashindano ya Gqeberha, mji wa Afrika Kusini uliokuwa ukiitwa Port Elizabeth, ulio kando ya bahari hii hii ya Hindi tunayoiogelea sisi, ingawa kule maji ni baridi na pepo hazina adabu za kusi na kaskazi zetu. Majuma mawili yamesalia. Afanye nini?

Jawabu ni kwamba afanye machache kuliko alivyozoea, na afahamu kwa nini. Mwili haujengeki wakati wa zoezi, bali baada yake: zoezi huichosha na kuijeruhi misuli kidogo kidogo, na usingizi, chakula na mapumziko ndivyo vinavyoitengeneza ikawa na nguvu kupita ile ya awali. Matengenezo hayo hayatimii kwa usiku mmoja. Kwa hiyo anayeendesha kilomita 150 siku tano kabla ya shindano hapati faida yoyote ya kwenda nayo, maana faida itakuja wakati shindano limekwisha, na kitakachomfika kwa wakati ni uchovu. Ndiyo sababu wataalamu wengi hushauri kwamba katika majuma mawili ya mwisho wingi wa mazoezi upunguzwe kwa kadiri ya nusu, lakini kasi yake isipunguzwe. Karani wetu, ikiwa alikuwa akifanya mazoezi saa 14 kwa juma, sasa atafanya saba, na katika juma la mwisho atafanya chache zaidi; lakini ndani ya zoezi fupi la nusu saa atatia vipande vya dakika mbili tatu vya mwendo ule ule atakaokwenda nao siku yenyewe, ili miguu isije ikausahau.

Kuyasema haya ni rahisi, kuyatenda ni kujipiga vita. Mtu aliyezoea kuzimaliza nguvu zake kila siku, akizikuta hazina pa kwenda, huingiwa na wahaka. Mtazame saa 4 za usiku, ameketi ukingoni mwa kitanda, taa bado inawaka, amelikunja goti la kulia na kulibonyeza kwa dole gumba, juu, chini, kando, akitafuta maumivu aliyoyahisi ngazini mchana; akiyakosa huinuka, hushuka ngazi zile zile na kuzipanda tena ili kuyatafuta vizuri. Goti halina kitu. Maumivu haya ya uzushi yanajulikana sana kwa wanamichezo waliopunguza mazoezi, na dawa yake ni kuyajua kwamba ni ya uzushi. Hatari iliyo ya kweli ni ile ya kushindwa kungoja: kutoka usiku kwenda kujaribu kilomita 30 "za kujipima tu", kukubali kuingia katika mechi ya mpira ya idara, au kununua viatu vipya kwa kuwa wenzake wamenunua. Kanuni ya wazee wa mchezo huu ni moja, nayo ni kutofanya lolote jipya siku ya shindano: si kiatu, si kinywaji, si kiti cha baiskeli, si soksi.

Katika chakula ndimo alimo na kazi ya kufanya. Mwili huiweka akiba ya sukari katika misuli na katika ini, na akiba hiyo, iitwayo glaikojeni, kwa mtu wa kawaida ni gramu 400 hadi 500 hivi, kiasi kisichofika hata nusu ya safari hii. Mafuta ya mwilini ni mengi na hayamalizwi na safari moja, lakini huwaka polepole mithili ya gogo bichi, na peke yake hayatoi nguvu kwa haraka inayotakiwa. Basi siku mbili za mwisho ni za kuijaza ghala: wali, ugali, viazi, ndizi, mkate na uji, huku maharage, mboga za majani mengi na vyakula vya mafuta vikipunguzwa, si kwa ubaya wao, bali kwa kuwa tumbo lililolemewa halifai kupandishwa baiskeli kwa saa sita au saba. Na kwa kuwa ghala, hata ikijaa, haitoshi, humlazimu kula akiwa safarini, gramu 60 hadi 90 za wanga kwa kila saa, kazi ambayo tumbo nalo hufundishwa kwa miezi kama miguu inavyofundishwa. Karani wetu amekwisha kuhesabu: tende kadhaa, chupa mbili za maji ya sukari na chumvi, na vipakiti vya uji mzito wa sukari wanavyovitumia wanamichezo, kila kimoja kwa dakika yake. Chumvi haiachwi, kwa sababu mwenye kutoka jasho mchana kutwa akafidia kwa maji matupu mengi mno huipunguza chumvi ya damu yake, na jambo hilo huweza kumhatarishia maisha.

Ghala ikiisha huwaje, ulimwengu ulionyeshwa mwezi wa Februari 1982. Julie Moss, mwanafunzi wa Marekani mwenye umri wa miaka 23, aliyeingia katika mashindano ya Hawaii kwa ajili ya utafiti wa masomo yake, aliwaongoza wanawake wote mpaka mwisho ulipokuwa ukionekana, ndipo miguu ikamkatikia. Alianguka, akainuka, akaanguka tena, na hatua chache kabla ya mstari mwenzake Kathleen McCartney akampita. Moss akaimaliza safari kwa kutambaa, sekunde 29 nyuma. Picha zake katika televisheni ziliufanya mchezo huu ujulikane kote. Na kwa mwenye kujiandaa, zilikuwa somo la maana ya akiba.

Sasa baiskeli ifunguliwe, kwa kuwa itapanda ndege. Mbele ya sanduku la plastiki sebuleni karani wetu huondoa gurudumu la mbele, hupunguza pumzi za matairi, hushusha kiti baada ya kutia alama ya wino mahali kiliposimama, na hufungua pedeli; na hapo wengi hutoka jasho la bure, maana pedeli ya kulia hufunguka kama parafujo yoyote, lakini ya kushoto imesokotwa kinyume, na asiyejua huzidi kuikaza kwa nguvu zake zote akidhani anaifungua. Si pedeli peke yake iliyo na tabia hiyo katika majuma haya mawili: mengi hulegea kwa mtu anayezungusha upande usiotazamiwa.

Akifika Gqeberha, siku mbili tatu kabla, huingia baharini dakika 15 tu, amevaa vazi la mpira la mwili mzima, ili kifua chake kikutane na baridi mapema, kisije kikashtuka siku ya kazi. Vazi lile humpa joto na kumwelesha, ila huchubua shingo isipopakwa mafuta. Siku moja kabla ya shindano, jioni, hupeleka baiskeli katika uwanja wa kubadilishia, ambako zimetundikwa kwa mamia, zote zikifanana, na huko huacha mifuko miwili, mmoja wa baiskeli na mmoja wa mbio, kila kitu ndani yake kikiwa kimepangwa kwa namna kitakavyotakiwa. Helmeti ni juu kabisa, kwa sababu sheria haimruhusu kuigusa baiskeli kabla hajaivaa na kufunga kamba yake kidevuni. Kisha hutenda jambo ambalo mpita njia angelicheka: hurudi upande wa baharini, hugeuka, na kutembea polepole kama mtu anayehesabu makaburi, safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kushoto kwenye nguzo, mpaka aguse baiskeli yake. Hurudi akarudia mara ya pili, na ya tatu. Kesho atapita hapo akikimbia, maji masikioni, kichwa kikizunguka kwa kutoka katika mawimbi, wala hatakuwa na akili ya kutafuta. Miguu na iwe imekwisha kujua.

Usingizi wa usiku huo huenda usije, na si msiba, kwani usiku wa maana zaidi ni wa juzi yake. Huamka kunako saa 9 za usiku, hunywa uji na kula mkate anaoujua, ili tumbo lipate wasaa wa saa tatu, hufunga kifundoni kifaa cha kuhesabia muda, na huteremka pwani gizani pamoja na mamia ya wenziwe, kila mmoja kimya katika vazi lake jeusi. Kilichobaki baada ya hapo ni kawia ufike: aendaye kwa kasi ya furaha katika kilomita 60 za kwanza za baiskeli hulipa deni lake katika marathoni, na riba juu.

Kwa yule ambaye angependa kujaribu lakini hana uwezo wa kuanza na masafa yote, tangu mwaka 2022 yapo mashindano ya nusu ya masafa haya karibu na kwetu, huko Rubavu nchini Rwanda, kando ya Ziwa Kivu: kilomita 1.9 za kuogelea, 90 za baiskeli na 21 za mbio. Na kwa wale ambao hawatajaribu kamwe, lakini wanaishi nyumba moja na mtu wa namna hii, nina ombi dogo. Ukimwona katika majuma yake mawili ya mwisho amelala Jumamosi mchana, ilhali kwa miezi sita ulimzoea kurudi saa hizo amelowa jasho, usimwite mvivu, wala usimuulize kama amekata tamaa. Mtengee sahani ya pili ya wali, rudishia mlango polepole, na mwache alale.