Mlinzi wa Mwili na Mlango Mgeni wa Moyo

Wazazi wa wanafunzi wetu hutuuliza: mtu akiwekewa moyoni mlango wa kutengenezwa, je, mwili humkubali mgeni huyo?

Moyo una milango minne, nayo hufunguka na kujifunga ili damu isirudi nyuma. Mlango ukiharibika, mabingwa huweka mwingine. Mwaka 1960, huko Oregon, Marekani, Daktari Albert Starr alimwekea mgonjwa mlango aliouunda na mhandisi Lowell Edwards: tufe dogo ndani ya kizimba. Mwaka 1965, mjini Paris, Alain Carpentier na wenzake wakatumia mlango wa nguruwe.

Hapo ndipo ilipodhihirika kazi ya walinzi wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu na kingamwili. Nyama ya mnyama ina namna ya sukari asiyokuwa nayo mwanadamu. Walinzi huitambua, wakaishambulia. Kwa hiyo Carpentier aliutia mlango katika dawa ya glutaradehaidi, ikaukaza na kuuficha ugeni wake. Lakini hauficheki wote. Polepole mlango hushika chokaa na kukakamaa, hata ukahitaji kubadilishwa. Na kwa kijana, ambaye kinga yake ni kali, huharibika upesi zaidi.

Mlango wa madini hauwachokozi sana walinzi hao, wala hauchakai upesi. Bali damu huweza kuganda juu yake. Mwenye nao hunywa dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote. Dawa hiyo yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Basi binti na amweleze daktari mapema. Iko pia milango itokanayo na ng'ombe. Mwislamu na aulize asili ya mlango kabla ya siku ya kupasuliwa, apate kushauriana na daktari na shekhe wake.

La ajabu ni kwamba walinzi hao hao mara nyingi ndio waliouvunja mlango wa kwanza. Mtoto huumwa koo kwa vijidudu viitwavyo streptokoki, asitibiwe. Walinzi wanapopigana na vijidudu, huudhania moyo kuwa adui. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki, nayo ingali ikiwaharibia moyo vijana wengi wa Afrika.

Basi enyi wazazi, mtoto akilalamika koo na homa, msiseme ni mafua tu. Mpelekeni kwa mganga wa hospitali, na akipewa penisilini, aimalize yote. Mlango aliozaliwa nao hauna mfano wake dukani.